Sienta yetu haina tairi la akiba: ninunue lipi?

Ndugu washauri, salamu kwenu.

Tuna Toyota Sienta ya mwaka 2016, ya petroli, inayovutwa na magurudumu ya mbele, iliyoagizwa kutoka Japani. Ina viti saba. Tairi zake ni 185/60R15 na rimu ni za chuma zenye matundu matano. Tulipofunua sakafu ya buti tulikuta pampu ndogo ya umeme na chupa ya gundi tu. Tairi la akiba hakuna, jeki hakuna, wili spana hakuna.

Desemba tunasafiri kutoka Dodoma kwenda Lushoto kupitia Morogoro, Chalinze na Segera, mimi, baba watoto na watoto watatu. Kutoka Lushoto mjini hadi kijijini ni barabara ya mawe. Nimeshauriwa mambo matatu na sijui nimfuate nani. Muuza vipuri ana gurudumu jembamba la akiba la Subaru, limeandikwa T135/70D16, halijawahi kutembea, na bei yake ni nzuri. Mwingine ana gurudumu kamili la Toyota Premio, rimu ya chuma na tairi la 195/65R15. Fundi wetu naye anasema gundi inatosha, kwamba waliotengeneza gari wasingeliondoa tairi kama lingehitajika.

Nichukue lipi? Na nikishalipata nilibebe wapi, maana chini ya sakafu ya buti sioni shimo la kulitosha?

Mama Sabra, Dodoma

JIBU

Mama Sabra, salamu nyingi. Kwa safari hiyo usichukue lolote kati ya hayo matatu kama lilivyo. Kwa muuza gurudumu la Premio chukua rimu, umwachie tairi lake, kisha uvalishe tairi jipya la 185/60R15. Utakuwa na gurudumu la tano lililo sawa na manne uliyonayo. Utalifunga mbele au nyuma bila kuhesabu kilomita na utapanda nalo mlima kutoka Mombo ukiwa na amani.

Tuanze na gundi, kwa sababu hoja ya fundi wako ina ukweli ndani yake ila haifiki Lushoto. Watengenezaji waliondoa tairi la akiba ili gari liwe jepesi, linywe mafuta kidogo na libaki na nafasi. Walifanya hivyo kwa gari la kutembea kwenye lami, mahali ambapo gari la kukokota huja kwa simu moja. Gundi ile huziba tundu dogo lililo kwenye uso wa tairi unaokanyaga barabara. Maelekezo ya Toyota yanaishia kwenye msumari au skrubu ya kama milimita 4. Ubavu ukichanwa na jiwe, gundi haifanyi kitu. Tairi likitembea bila upepo hata umbali mfupi likajikunja ndani, au rimu ikapinda kwenye shimo, hapo pia haifanyi kitu. Kwenye barabara ya mawe ubavu ndio unaoumia kwanza.

Hata hivyo usiitupe. Angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye chupa, maana gari la 2016 lenye chupa yake ya kwanza karibu hakika limeshaipita. Pampu ndiyo yenye thamani zaidi: tairi linalopoteza upepo polepole litakufikisha kwa fundi wa pancha kwa kuongezwa upepo njiani. Ukilazimika kutumia gundi, usiung'oe msumari. Jaza upepo hadi kipimo cha kibandiko cha mlango wa dereva, ondoka papo hapo ili gundi isambae, na usizidi kilomita 80 kwa saa. Baada ya kilomita kama 5 simama upime. Upepo ukiwa umeshuka chini ya kPa 130, yaani psi 19, gundi imeshindwa, usiendelee. Na umwambie fundi wa pancha kuna gundi ndani kabla hajalifungua, kwa sababu lazima aioshe ndipo kiraka kishike.

Sasa vipimo. Gurudumu likufae lazima likubaliane na gari kwa mambo manne, na wauzaji wengi huuliza moja tu: matundu mangapi.

La kwanza ni PCD, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya nati. Sienta yako ni matundu matano kwa milimita 100. Noah, RAV4 na Mark X nazo zina matano, lakini ni 114.3, na hazitakaa hata ukiomba dua. Kupima ni rahisi: weka tepu kwenye ukingo wa kushoto wa tundu moja, soma hadi ukingo wa kushoto wa tundu linalofuata. Ikisoma kama milimita 59, hiyo ni PCD 100. Ikisoma 67, ni 114.3. Jihadhari na 112 ya magari ya Volkswagen na Mercedes, ambayo husoma kama 66. Wapo wanaoilazimisha kwenye 114.3 na kinyume chake. Nati zinaingia kwa upande, bolti za habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) zinavutwa zikiwa zimepinda, na baada ya muda moja inakatika.

La pili ni tundu la kati. Habu nyingi za Toyota zenye PCD 100, pamoja na ya kwako, zina milimita 54.1, na rimu yake ya asili hukaa juu ya habu bila kucheza. Habu ndiyo inayoiweka rimu katikati, nati zinaibana. Rimu yenye tundu dogo kuliko habu haiingii kabisa. Yenye tundu kubwa inaingia, lakini hapo kazi yote ya kuiweka katikati inabaki kwa koni za nati, yaani midomo yake iliyochongoka.

La tatu ni ofseti: umbali kati ya mstari wa katikati wa upana wa rimu na uso unaogusa habu. Mara nyingi hupigwa chapa kwenye rimu pamoja na ukubwa, mfano 15x5½J kisha 39 au 45. Chapa ikiwa imefutika, laza rula ndefu juu ya ukingo wa nyuma wa rimu, upime kushuka hadi uso unaokaa kwenye habu. Fanya hivyohivyo kwa rimu yako ya upana uleule. Tofauti ikizidi milimita 5, sisi tungeiacha. Rimu inayoingia ndani mno hugusa shokomzoba au mkono wa stelingi. Inayotoka nje mno hukwangua bodi gari likijaa watu.

La nne ni kipenyo cha gurudumu zima pamoja na tairi. Chukua upana, zidisha kwa asilimia ya kimo, zidisha kwa mbili, ongeza inchi za rimu mara 25.4. La kwako: 185 mara 0.60 ni 111, mara mbili ni 222, ongeza 381, unapata milimita 603. Namba hiyo iandike kwenye simu yako.

Tuwapime wauzaji wako kwa hayo.

Gurudumu la Subaru si baya kwa ukubwa. T135/70D16 inatoa milimita 595, pungufu ya lako kwa asilimia moja na kidogo tu. Subaru nyingi ndogo zina matundu matano kwa 100 kama wewe, lakini hakikisha kwa tepu. Tundu lake la kati ni 56.1, kwa hiyo kwenye habu yako litabaki na nafasi ya milimita moja kila upande. Likifungwa kwa nati za koni, kwa mpangilio wa nyota (kuruka kutoka nati moja hadi ya upande wa pili), gurudumu likiwa hewani, litakaa katikati vya kutosha kukufikisha kwa fundi. Kinachotufanya tulikatae ni mambo mawili. Herufi T maana yake ni tairi la muda: mwisho kilomita 80 kwa saa, linajazwa kPa 420, yaani psi 60, na upana wake ni milimita 135 peke yake. Gari lenye watu watano na mizigo, likishuka kona za Lushoto kwa breki, linahitaji mpira mwingi zaidi ya huo ardhini. Jambo la pili ni umri. Hilo neno "halijawahi kutembea" ndilo la kutilia shaka. Tafuta ubavuni maandishi ya DOT, usome tarakimu nne za mwisho: 3107 ni wiki ya 31 ya mwaka 2007. Mpira unazeeka hata ukikaa kwenye buti, na matairi mengi ya muda yanayokuja na vipuri vya Japani yana umri wa gari lililochinjwa. Ukikunja ubavu kwa kidole gumba ukaona nyufa ndogondogo kama za ngozi kavu, usilinunue kwa bei yoyote.

La Premio: PCD 100, tundu la kati 54.1, yote ya kwako. Rimu za Wish na za Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ni hivyohivyo, basi usiposhikana bei na huyu una kwingine pa kutafuta. Lakini tairi lake la 195/65R15 lina kipenyo cha 634.5, limekuzidi zaidi ya asilimia 5. Ukilifunga mbele upande mmoja, difu itafanya kazi muda wote kana kwamba gari linakata kona, na ABS pamoja na VSC (mifumo ya kuzuia magurudumu kukwama na gari kuteleza) zitasoma gurudumu moja linazunguka polepole kuliko wenzake. Taa za tahadhari zinaweza kuwaka, na mfumo unaweza kubana breki usipotegemea. Zaidi ya hapo, linaweza kugusa plastiki ya ndani ya bawa ukikata stelingi hadi mwisho. Rimu ya inchi 15 yenye upana wa 5½ au 6 inavaa 185/60 bila shida. Tairi likiwa jipya dai lenye namba 84 ya mzigo au zaidi, yaani kilo 500 kwa tairi, na tarehe isiyozidi miaka miwili. Fundi wa pancha aweke valvu mpya, alifanyie balansi, na alijaze psi 3 au 4 juu ya kibandiko cha mlangoni. Gurudumu linalokaa hupoteza upepo kimyakimya, na kupunguza njiani ni rahisi kuliko kuongeza.

Kabla ya kutoa pesa, ikague rimu. Iviringishe kwenye sakafu tambarare uone kama inayumba, pitisha kidole kwenye kingo zote mbili kutafuta ilipopinda, na uangalie matundu ya nati. Tundu lililotanuka au lililopasuka pembeni ni la gurudumu lililotembea na nati zilizolegea. Kutu ya juu si tatizo. Kutu iliyokula ukingo pale tairi linapokalia itavujisha upepo kila wiki.

Kisha ijaribu kwenye gari, na hapa usione haya hata muuzaji akinuna. Anza mbele, kwa sababu kalipa ya breki iko hapo na ndiyo inayokataa rimu. Kaza nati kwa mkono, zungusha gurudumu mara tatu polepole, usikilize. Kati ya kalipa na rimu pabaki angalau milimita 3. Kata stelingi kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, zungusha tena. Hamia nyuma. Gurudumu lililojaribiwa nyuma peke yake bado hujalijaribu.

Nati zinastahili maneno yake. Za Toyota ni M12 kwa hatua ya 1.5 (uzi wa kipenyo cha milimita 12, wenye milimita 1.5 kati ya mzunguko na mzunguko), na wili spana yake ni ya milimita 21. Za Nissan, Subaru na Suzuki ni M12 kwa 1.25. Nati ya Subaru itaanza kuingia kwenye bolti yako kisha itakwama, na ukiilazimisha umeharibu uzi. Kwa hiyo tumia nati zako mwenyewe. Kwa kuwa rimu zako ni za chuma na ya tano pia ni ya chuma, nati zile zile za koni zinatosha. Mwenye rimu za spoti alizonunua dukani aangalie zaidi: nati zake zinaweza kuwa ndefu, nyembamba au za mdomo usiolingana na rimu ya chuma, na hapo abebe nati tano nyingine kwenye mfuko pamoja na gurudumu la akiba. Kipimo cha usalama ni kuhesabu mizunguko. Nati ya M12 kwa 1.5 izunguke walau mara nane kabla haijabana. Ikibana baada ya nne au tano, haijashika vya kutosha.

Toyota inataka nati hizo zikazwe kwa Nm 103. Bila spana ya kipimo, hiyo ni sawa na kusukuma mwisho wa wili spana ya sentimita 25 kwa uzito wa kilo 42, au ya sentimita 40 kwa kilo 26. Anayeruka juu ya spana kwa miguu yote miwili anavuta bolti kupita uwezo wake, na siku ya pancha wewe hutaweza kuifungua. Kwa hiyo kabla ya safari legeza nati zote za magurudumu manne, uzikaze upya kwa kiasi hicho, uhakikishe wewe na baba watoto mnaweza kuzifungua.

Jeki nunua ya mkasi ya tani moja hadi moja na nusu. Usiichague kwa urefu wa juu tu. Mwambie fundi atoe upepo wote kwenye tairi moja la mbele, kisha mpime kutoka ardhini hadi kwenye ukingo wa chuma chini ya mlango, pale penye vikato viwili vya kuwekea jeki. Jeki ikishushwa kabisa ipite hapo, na ikipandishwa iinue gari kiasi cha gurudumu lililojaa upepo kuingia. Ongeza kipande cha ubao mgumu cha sentimita 25 kwa 25 cha kuweka chini yake kwenye udongo, vigingi viwili vya kuzuia magurudumu, pembetatu za tahadhari na tochi ya kichwani.

Sasa mahali pa kulibeba. Lina kipenyo cha sentimita 60, unene wa karibu 20, na uzito wa kilo 13 hadi 16. Tafadhali usilisimamishe tu kwenye buti ukaegemeza mabegi. Breki ya ghafla italirusha mbele, na mbele yake wamekaa watoto. Ninyi ni watano, viti vya nyuma kabisa hamvihitaji: vikunje viingie chini ya safu ya kati. Lilaze gurudumu sakafuni likigusa migongo ya viti vya kati, juu ya kipande cha zulia lisiteleze, kisha lifunge kwa mkanda wa kukazia mzigo wenye kikazio cha meno, uupitishe kwenye matundu ya rimu na kwenye ringi au vyuma vya viti vilivyofungwa kwa bolti kwenye bodi. Ndoano za plastiki za kutundikia mifuko ya sokoni hazihesabiki. Baada ya kulifunga livute kwa nguvu mbele na nyuma. Likisogea, kaza tena. Mabegi laini yapange juu yake, na jeki na spana zikae mahali unapozifikia bila kushusha mzigo wote. Siku mtakapokuwa saba, gurudumu liende juu kwenye keria imara, lilale, lifungwe kwa mikanda miwili na mnyororo wenye kufuli.

Wasomaji wenye Sienta ya haibridi watafute kwanza matundu ya hewa ya kupoza betri kubwa, wasiyazibe kwa gurudumu wala begi. Na wenye Toyota Aqua, Honda Fit na Nissan Note wanaotuuliza jambo hilihili: zote ni matundu manne kwa 100, lakini tundu la kati ni 54.1 kwa Aqua, 56.1 kwa Fit na 60.1 kwa Note. Rimu ya Aqua haitaingia kwenye habu ya Fit wala ya Note. Rimu za asili za Honda zina kikalio cha mviringo kama tufe kwa ajili ya nati za mdomo wa namna hiyo. Nati ya koni ya Toyota huzigusa kwenye mstari mwembamba tu na kulegea.

Mama Sabra, pancha ikitokea mlimani usibadilishe kwenye mteremko. Tembea taratibu hadi palipo tambarare hata kama tairi litaharibika, kwani tairi linanunulika. Watoto washuke wakae mbali na barabara, upande wa mlima. Weka gia ya P, funga breki ya maegesho, weka vigingi, legeza nati nusu mzunguko gari likiwa bado chini, ndipo uinue. Ukishafunga, zikaze kwa mpangilio wa nyota, na baada ya kilomita 50 hadi 100 simama uzikaze tena, kwa sababu rimu yenye rangi na kutu hukaa vizuri zaidi ikishatembea na nati hulegea kidogo.